Mtambo Ukizimika, Nyumbani Hubaki Nani?

Kila mwaka jarida letu linapotayarishwa, mhariri huniomba somo moja la fasihi, na kila mwaka mimi huandika juu ya tamathali za usemi. Mwaka huu nimeamua kuvunja desturi. Sababu yenyewe ni hii: katika mkutano mmoja wa chama, muhula wa pili, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu alinisahihisha mbele ya wenzake. Nilipofika nyumbani nikawaza, nikaona kwamba alikuwa na haki. Mwalimu akikosolewa vizuri hana budi kuandika masahihisho kama anavyowadai wanafunzi wake. Haya basi ndiyo masahihisho yangu.

Mada yetu siku hiyo ilikuwa utegemezi wa teknolojia na familia katika hadithi fupi za kisayansi. Wengi wenu huziogopa hadithi hizi. Mnadhani ni mambo ya roketi, nyota na wazungu wenye nywele za fedha. La hasha! Hadithi ya kisayansi ni hadithi kama nyingine. Mwandishi huchukua chombo kimoja au ugunduzi mmoja, akauvuta mbele kidogo kuliko ulipofika, kisha akauliza: je, watu wakiishi na kitu hiki, itakuwaje? Chombo ni cha kubuni, lakini watu ni hawa hawa tunaowajua. Baba, mama, mtoto, jirani. Kwa hiyo ukisoma hadithi ya kisayansi usikodolee macho mtambo peke yake. Tazama watu waliouzunguka.

Tena tusijidharau. Sisi wa Ukambani tulikuwa na masimulizi ya namna hii kabla ya vitabu. Nani hapa Mwala hajasikia habari za Syokimau, yule mtabiri mwanamke? Wazee husimulia kwamba aliona nyoka mrefu akitoka baharini na kupita katika nchi, na watu wa rangi ngeni waliobeba moto mifukoni. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na ikafika Nairobi mwaka wa 1899. Wazee wakasema, huyo ndiye nyoka, na ule moto ni kiberiti. Mwaka wa 2017 reli mpya ya kisasa ilipozinduliwa, kituo chake kikuu cha Nairobi kilijengwa huko huko Syokimau, mahali palipopewa jina la huyo mama. Sisemi kwamba utabiri ni sawa na hadithi ya kubuni. Ninachosema ni kwamba swali ni lile lile: kikija chombo kipya, watu wetu watakuwaje? Na nyoka huyo hakuwameza watu kwa meno. Aliwabeba wanaume wakaenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na huku nyumbani mama na watoto wakabaki wakingoja. Mnaona sasa? Teknolojia na familia, mada yetu, imeanza zamani sana.

MASWALI MATATU YA KUSHIKA

Kabla ya kuwasimulia wanachama hadithi, niliwaandikia ubaoni maswali matatu. Nayatoa hapa kwa sababu yatakusaidia katika hadithi yoyote ya aina hii:

1. Mtambo umechukua kazi ya nani nyumbani?
2. Ni nani aliye na uwezo wa kuuzima?
3. Ukizimika, ni nini kinachobaki?

Kisha nikawasimulia hadithi nne. Zote zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini nilizisimulia kwa Kiswahili, maana chama chetu ni cha Kiswahili na faini ya kuchanganya lugha mnaijua. Haya, tega sikio.

HADITHI YA KWANZA: MAMA ALIYE UPANDE WA PILI WA DUNIA

Hadithi hii inaitwa "The Machine Stops", nayo iliandikwa na Mwingereza E. M. Forster mwaka wa 1909. Kumbuka mwaka huo. Hakukuwa na runinga wala simu ya mkononi. Hata hivyo Forster aliwaza dunia ambamo kila mtu anaishi chini ya ardhi, peke yake, katika chumba kidogo kama kijumba cha nyuki ndani ya mzinga. Akitaka chakula, anabonyeza kitufe. Akitaka kuoga, kitufe. Akitaka kuzungumza na mtu, uso wa mtu huyo unatokea kwenye kisahani kinachong'aa. Mtambo mmoja mkubwa ndio unaoendesha yote.

Vashti ni mama. Anajuana na maelfu ya watu kupitia Mtambo, na siku yake huijaza kwa mihadhara. Mwanawe, Kuno, anaishi upande wa pili wa dunia. Siku moja Kuno anampigia na kumwomba jambo moja tu: mama, njoo nikuone ana kwa ana, siyo kupitia Mtambo. Mama anashangaa. Kwani hatuonani sasa hivi? Anasema hana wakati, na safari yenyewe anaiogopa. Katika dunia hiyo watu wanaona kugusana ni utovu wa adabu. Watoto huondolewa kwa wazazi wakiwa wachanga na kulelewa na Mtambo, na kitabu cha sheria kinaeleza kwamba wajibu wa mzazi huisha pale mtoto anapozaliwa.

Hatimaye Mtambo unaanza kuharibika, kidogo kidogo. Muziki unakwaruza, hewa inakuwa nzito, taa zinafifia. Watu wanalalamika, kisha wanazoea. Mwishowe unasimama kabisa. Katika giza na maangamizi hayo mama na mwana wanakutana, wanagusana, na wanakufa pamoja.

Tujibu maswali yetu. Mtambo umechukua kazi ya nani? Ya kila mtu, hata kazi ya kuwa mama. Nani anaweza kuuzima? Hakuna, maana hakuna tena anayeuelewa wote. Ukizimika, hubaki nini? Mkono wa mama na mkono wa mwana, kwa muda mfupi tu, wakati umekwisha.

HADITHI YA PILI: CHUMBA CHENYE SIMBA

Ya pili ni "The Veldt" ya Mmarekani Ray Bradbury, iliyotoka mwaka wa 1950. George na Lydia Hadley wamenunua nyumba inayofanya kila kitu. Inapika, inaogesha watoto, hata kamba za viatu inafunga. Ndani yake kuna chumba cha watoto ambacho kuta zake huonyesha chochote watoto wanachokiwaza. Watoto hao, Peter na Wendy, wanawaza mbuga ya Afrika yenye jua kali na simba wanaokula nyama. Wazazi wanapata wasiwasi. Wanamwita daktari wa mambo ya akili, naye anawaambia ukweli: chumba hiki kimekuwa mama na baba wa watoto wenu, tena kina thamani kwao kuliko nyinyi. Baba anaamua kuzima nyumba nzima. Watoto wanalia, wanaomba dakika moja tu ya mwisho. Wazazi wanakubali. Dakika hiyo moja watoto wanawafungia wazazi ndani ya chumba, na wale simba wa ukutani wanakuwa simba wa kweli. Daktari anapofika, anawakuta watoto wametulia, na Wendy anamkaribisha chai.

Hapa darasa lilicheka kwanza, kisha likanyamaza. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona mtu akitaka kuogopesha lazima alete Afrika? Sisi tuko hapa Mwala na simba tumewaona kwa picha tu." Swali zuri! Ni kweli, kwa Bradbury Afrika ni mahali pa jua, damu na simba. Mhakiki mzuri lazima alione hilo na aliseme. Lakini tazama pia kwamba simba hao hawakutoka Afrika. Walitoka katika mawazo ya watoto wa nyumba ya kifahari huko Marekani.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Peter na Wendy walifunzwa na ukuta. Mtambo ulichukua kazi ya wazazi. Swichi ilikuwa mkononi mwa baba, lakini uwezo wa kuizima ulikuwa umeshamponyoka zamani. Na mtambo ulipokaribia kuzimwa, ilidhihirika kwamba hakukuwa na familia ya kurudia.

HADITHI YA TATU: YAYA WA CHUMA

Msifikiri kila mwandishi anaulaani mtambo. Isaac Asimov alichapisha hadithi yake "Robbie" mwaka wa 1940. Gloria ni msichana wa miaka minane, na yaya wake ni roboti asiyeweza kusema. Wanacheza kujificha, wanakimbizana, na Gloria humsimulia Robbie ngano anazozipenda. Mama yake hapendi hata kidogo. Anaona aibu mbele ya majirani, tena anaogopa kumwachia mtoto kitu kisicho na roho. Baba anatetea roboti. Mwishowe Robbie anaondolewa kwa siri, na mtoto analetewa mbwa. Gloria anakonda kwa huzuni. Wazazi wanampeleka mji wa New York apate kusahau, na kumbe yeye anadhani wanakwenda kumtafuta Robbie! Baba anapanga wakatembelee kiwanda ambamo Robbie anafanya kazi. Gloria anamwona, anamkimbilia bila kutazama, na trekta linakuja. Robbie ndiye anayemwokoa. Mama anakubali yaishe.

Maswali yetu je? Mtambo umechukua kazi ya yaya na ya rafiki. Uwezo wa kuuondoa uko kwa wazazi, na wanautumia. Ukiondoka, kinachobaki ni familia inayobishana, inayolia na kusafiri pamoja. Ni familia yenye matatizo, ndiyo, lakini ni familia. Baba na mama wa Gloria wanazungumza kuhusu mtoto wao kutoka mwanzo hadi mwisho.

HADITHI YA NNE: NYUMBA ISIYO NA WATU

Ya nne ni ya Bradbury tena, "There Will Come Soft Rains", ya mwaka 1950. Katika kitabu chake alichokitoa mwaka huo aliiweka hadithi hii Agosti 2026. Nyumba inaamka saa moja asubuhi. Sauti inatangaza tarehe, jiko linapika mayai na mkate, mlango wa gereji unajifungua. Hakuna anayetoka. Chakula kinamwagwa. Vipanya vya chuma vinasafisha sakafu. Kisha tunauona ukuta wa nje: umeungua wote isipokuwa vivuli vya watu wanne. Baba akikata nyasi, mama akichuma maua, mvulana akirusha mpira, na msichana akiwa ameinua mikono kuudaka. Bomu la nyuklia limewaangamiza wote. Nyumba haijui. Inaendelea kuwahudumia hadi moto unapoiteketeza, na ukuta mmoja uliosalia unaendelea kutangaza tarehe.

Katika hadithi hii mbinu kubwa ni tashihisi. Nyumba inasema, inaogopa, inapigana na moto kama mtu. Na kinaya ndicho hiki: chombo kiko hai, wenyewe ni vivuli.

MSICHANA ALIYENISAHIHISHA

Nilipomaliza nikafunga mkutano kwa hitimisho ambalo nilikuwa nimeliandaa. Nikasema, "Basi vijana wangu, mmeona. Teknolojia ikiingia mlangoni, familia hutokea dirishani. Likizo hii zimeni simu, mkae na wazazi wenu." Nikapigiwa makofi. Nikajiona nimesema.

Msichana mmoja hakupiga makofi. Aliinua mkono, akasimama, akasema polepole: "Mwalimu, samahani. Mama yangu yuko Uarabuni, mwaka wa tatu sasa. Anafanya kazi kwa nyumba ya watu. Ijumaa usiku susu hunipa simu tunaongea kwa video. Mimi nikizima simu, mwalimu, nitakuwa nimemzima mama."

Darasa likawa kimya kama maji ya mtungini. Mimi nilitafuta la kusema nikakosa. Hatimaye nikamwuliza, na niliuliza kwa kweli siyo kwa kumjaribu, "Wewe ungeongeza swali gani pale ubaoni?"

Akafikiri. Akasema, "Ningeuliza: kabla ya mtambo kuja, ni nini kilichomwondoa mtu?"

Mpenzi msomaji, hilo ndilo swali la nne, nami naliandika hapa kwa herufi kubwa katika akili yangu. Hebu turudi nalo katika zile hadithi.

Ni nini kilichomwondoa Vashti kwa mwanawe? Siyo kisahani chenye picha. Ni imani kwamba kuonana kwa picha kunatosha, na hofu ya kumgusa mtu. Tena angalia jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliona miaka yote niliyoifundisha: Kuno anautumia Mtambo ule ule kumwambia mama yake, njoo. Chombo kile kile kinachowatenganisha ndicho kilichobeba wito wa kuwakutanisha. Kosa liko kwa anayesikia "njoo" akajibu "sina wakati".

Ni nini kilichowaondoa wazazi wa Peter na Wendy? Raha na pesa. Walilipia kazi ya kulea kama mtu anavyolipia kufuliwa nguo.

Ni nini kilichoondoa familia ile ya vivuli? Vita. Na bomu nalo ni teknolojia, lakini lilirushwa na watu.

Na mama wa mwanafunzi wangu je? Hakuondolewa na simu. Aliondolewa na karo, na mvua zinazokosa kunyesha, na mahindi yanayonyauka kabla ya kubeba. Simu ilikuja nyuma, ikakuta pengo limeshachimbwa. Kumlaumu kwa simu ni kumlaumu mtu kwa gongo lake huku hutaki kuuliza ni nani aliyemvunja mguu.

Kwa hivyo natengua hitimisho langu la siku ile. Katika hadithi hizi chombo kinaweza kuwa daraja au kinaweza kuwa ukuta. Daraja ni lile ambalo watu wake bado wanataka kuvuka. Ukuta ni pale mtu anapoona picha ya mwenzake akasema, basi, hii yatosha.

MAUNGAMO YA MWALIMU

Nisijifiche nyuma ya vitabu. Kwetu ni Kangundo. Siyo mbali, ni matatu mbili tu. Mama yangu anaishi huko. Tangu huduma ya kutuma pesa kwa simu ianze nchini mwaka wa 2007, mimi ni mtoto mwema sana. Kila mwisho wa mwezi natuma. Anapiga, ananishukuru, tunaagana.

Mwaka mmoja mvua za Novemba zilikuja na upepo, stima ikapotea kijijini kwa siku tatu. Simu yake ikaisha chaji. Nilipiga nikaambiwa haipatikani. Nikangoja. Siku ya nne akapatikana. Nikamwambia, "Mwaitu, nilikutafuta sana, simu yako ilikuwa imezima." Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Simu ilizima, ndiyo. Na barabara nayo ilizima?"

Sikuwa na jibu. Siku hizo tatu, aliniambia baadaye, watoto wa ndugu yangu walikaa naye motoni wakamenya mbaazi huku akiwapigia ngano za sungura na fisi mpaka wakasinzia. Hakuna aliyekosa kitu nyumbani isipokuwa mimi. Basi nilipowaambia wanafunzi wazime simu wakae na wazazi, niliyehitaji dawa hiyo ni mimi niliye matatu mbili kutoka kwa mama, siyo msichana ambaye mama yake yuko ng'ambo ya bahari. Kumbe Vashti ni mimi! Mganga hajigangi, kweli.

JE, WAANDISHI WETU?

Mtauliza, haya mambo ya kisayansi wetu wameyaandika? Wameyaandika. Hayati Katama Mkangi alichapisha "Walenisi" mwaka wa 1995. Ni riwaya, siyo hadithi fupi, lakini inafaa kutajwa. Mhusika wake Dzombo anafikishwa kwa chombo cha angani katika ulimwengu mwingine wenye haki na usawa. Litamke jina la kitabu polepole: wale ni sisi. Mwandishi anatupeleka mbali ili tujione wenyewe. Naye Kyallo Wadi Wamitila, mwenzetu wa Ukambani, alitoa "Bina-Adamu!" mwaka wa 2002, riwaya inayouliza nini kinampata mwanadamu dunia ikifanywa kijiji kimoja na wenye nguvu. Humo kuna P.P., yaani Peter Pan. Wale watoto wa Bradbury nao ni Peter na Wendy, majina ya ngano hiyo hiyo ya Kiingereza kuhusu mtoto asiyekubali kukua. Mhakiki akiona jina linajirudia namna hiyo, asilipite.

Kwa wanaopenda filamu, kuna "Pumzi" ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Ni fupi, kama dakika ishirini hivi. Vita vya kugombania maji vimekwisha, nje ni jangwa, na watu wamejifungia ndani ambako hata jasho na mkojo husafishwa yakanywewa. Asha anapata udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, anatoroka na mche wake hadi nje, na kuupa maji yake ya mwisho na kivuli cha mwili wake. Mbegu hiyo imeandikwa "Maitu", yaani mama kwa Kikikuyu. Sisi husema mwaitu. Msomaji wa Mwala, unayejua kuchimba mchanga wa mto mkavu ukitafuta maji, hadithi hiyo si ya mbali kwako hata kidogo. Mtambo unatoa maji kwa kipimo. Anayetoa bila kupima ni mama.

JINSI YA KUJIBU SWALI

Sasa tuingie darasani. Tuseme umeletewa swali hili katika zoezi:

"Teknolojia haibomoi familia, bali hufichua familia iliyokwisha kubomoka." Jadili ukirejelea hadithi mbili za kisayansi. (Alama 20)

Makosa ninayoyaona kila mara ni matatu. La kwanza, mwanafunzi anasimulia hadithi nzima, kurasa mbili, bila hoja. La pili, anahubiri: simu ni mbaya, vijana wa siku hizi wamepotoka. Mtahini hakuuliza hayo. La tatu, anakubali kauli bila kuipima.

Fanya hivi. Toa hoja kwa sentensi moja. Leta tukio kutoka hadithini kulithibitisha. Eleza tukio hilo linaonyesha nini. Taja mbinu ikiwa ipo. Kwa mfano:

"Katika hadithi ya chumba chenye simba, nyumba ya kisasa inafichua uhusiano uliokufa baina ya wazazi na watoto. Baba anapotaka kuzima chumba, watoto wanalia kama waliofiwa. Kilio hiki ni kinaya, kwani hawalii hivyo wazazi wao wanapoangamia, bali wanakunywa chai. Hata hivyo kauli si kweli kabisa, kwa maana nyumba yenyewe, kwa kufanya kila kazi ya mzazi, ndiyo iliyowanyima wazazi nafasi ya kujenga uhusiano huo."

Umeona neno "hata hivyo"? Hapo ndipo mtahini anapokaa vizuri kitini. Katika hoja nyingine unaweza kuleta hadithi ya Gloria, ambapo kuondolewa kwa mtambo kunafichua familia iliyo hai. Hapo umejadili pande zote mbili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Linganisha mama wa Kuno na mama wa Gloria. Ni yupi anayekitegemea chombo, na ni yupi anayekiogopa? Ni yupi anayebadilika?
2. Eleza matumizi ya tashihisi katika hadithi ya nyumba isiyo na watu.
3. "Afrika katika hadithi ya simba ni ya kuwaza tu." Jadili.
4. Mwulize susu au umau wako ni chombo gani kilichobadilisha zaidi maisha ya nyumbani kwao: redio, mashine ya kukoboa muthokoi, baiskeli, au simu. Kisha tumia maswali yetu manne kuandika hadithi fupi ya kurasa mbili. Usiweke roketi. Weka jiko, watu na chombo kimoja.

Swali la nne nitalisahihisha mwenyewe, na hadithi bora itapata nafasi katika jarida la mwaka ujao, mhariri akikubali.

TAMATI

Siku chache baada ya mkutano ule nilikutana na yule msichana njiani akitoka maktaba. Nikamwambia nitaliandika swali lake jaridani bila kumtaja jina. Akacheka, akaniambia, "Sawa mwalimu. Lakini uandike pia kwamba Ijumaa mimi humwambia mama arudi. Kila Ijumaa." Nimeandika.

Na mimi Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu mbili. Nilimkuta mama anapepeta kunde uani. Alinitazama, akatazama nyuma yangu kama anayetafuta ni nani aliyekufa hata nikaja bila kupiga simu. Nikamwambia nimekuja tu. Akanipa ungo.

Wapenzi wa Kiswahili, someni hadithi hizi bila woga, na mkifika nyumbani ulizeni yale maswali manne. Mungu awabariki, na Kiswahili kitukuke.